Pikipiki Mpya na Kilima cha Rhotia

Sebastiani mwanangu,

Nimekwenda Buger kuongoza ibada ya mazishi, kwa miguu, ili injini ya pikipiki mpya ipumzike. Kwa juma hili la kwanza usivute mafuta kupita nusu. Usishike mwendo mmoja kwa muda mrefu, wala usipakie mzigo. Oili ya kwanza imwagwe mapema, maana hubeba chenga za chuma.

Asubuhi ya leo uliipandisha kilima cha Rhotia kwa mafuta yote, na gunia la mahindi nyuma, hata ikanuka kama sufuria iliyoungua. Nilipokukemea ukanijibu mbele ya mama yako, "Baba, chuma hakibembelezwi." Ajabu! Maksai wako mchanga ulimfunga nira kando ya maksai mzee, akatembea bila jembe mpaka shingo ikazoea. Vyuma vilivyomo ndani ya injini navyo havijazoeana.

~~Ufunguo nimeondoka nao.~~

Mstari huo nimeukata. Ufunguo uko chini ya kikombe changu, kwa sababu mkeo Rozalia amekaribia kujifungua, na mkunga anakaa ng'ambo ya kilima hicho hicho.

Uchungu ukimshika kabla sijarudi, yasahau yote niliyoandika hapo juu. Vuta mafuta yote, umlete mkunga. Injini itanunuliwa nyingine.

Lakini kwenda dukani, ni mwendo wa nusu.

Baba yako,
na babu wa huyo anayengojewa