Kuti la Shangazi Mwajuma

Jumapili, nyumbani kwangu Sofu. Manyunyu tangu alfajiri, nguo mbichi zimetanda sebuleni juu ya viti, na mimi nimenuna. Sijamnunia mtu. Nimejinunia mwenyewe.

Jana Shangazi Mwajuma alisimama bombani kijijini kwetu Kisarawe tangu asubuhi hadi adhuhuri, na magoti yake yale yanayouma, kwa sababu programu yangu ilimwambia maji yangetoka. Hayakutoka. Akanipigia. Baada ya shikamoo na marahaba akasema kwa upole, "Mwanangu, hiyo simu yako imenidanganya." Angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Niieleze hiyo programu, maana hata ndugu zangu hudhani kazi yangu ni kutengeneza simu. Vijiji kadhaa vya huko vinapata maji ya bomba kwa zamu. Mtu anatuma ujumbe kuuliza, programu inasoma ratiba na kumjibu. Wanaouliza ni wengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ndani yake kuna kazi nyingi zinazokwenda sambamba. Sisi tunaziita nyuzi, na zote zinaitazama ratiba ile ile moja.

Hapo ndipo penye kufuli. Nyuzi zinazosoma tu zinaruhusiwa kuingia pamoja, hata ziwe mia, kwa kuwa hakuna inayobadilisha kitu. Uzi unaoandika, yaani unaobadilisha ratiba, lazima uingie peke yake, la sivyo msomaji atatoka na nusu ya habari za jana na nusu za leo. Tunaliita kufuli la wasomaji na mwandishi. Nililiweka kwa mkono wangu, tena nikajisifu.

Jana alfajiri pampu iliharibika. Fundi akaingiza mabadiliko: zamu ya kijiji chetu imehama kutoka Jumamosi, imekwenda Jumatatu. Mabadiliko yakafika kwenye kufuli, yakakuta wasomaji ndani, yakangoja. Msomaji mmoja akitoka, wawili wameshaingia. Na kadiri mabomba yalivyokaa makavu ndivyo watu walivyozidi kuuliza, na walivyozidi kuuliza ndivyo mwandishi alivyozidi kukaa nje. Shangazi naye akauliza, akajibiwa kwa ratiba ya zamani.

Kosa ni langu. Kufuli la namna hii unaweza kuliambia nani atangulie, na mimi nilichagua wasomaji, siku zote, bila masharti. Niliona aibu mtu anayeulizia maji aambiwe ngoja. Kwetu mgeni akiomba maji hapewi maneno, anapewa kata.

Leo asubuhi, chai ikinipoea huku natazama mistari ya programu, nikakumbuka kuti.

Zamani, kabla ya bomba, tulichota kisimani bondeni. Wanawake walichota pamoja, ndoo kwa ndoo, na hakuna aliyemzuia mwenziwe. Lakini tope likijaa kisima lazima kifukuliwe, na mfukuaji alikuwa Shangazi. Alikata kuti bichi la mnazi akalilaza njiani. Aliyekwisha kuwa kisimani alimaliza kuchota kwa raha zake. Aliyekuta kuti alitua ndoo akakaa. Wa mwisho akishatoka, Shangazi alijifunga kanga kiunoni, akateremka peke yake na jembe na debe. Hakuna aliyelivuka lile kuti, awe mke wa nani sijui.

Jinsi nilivyopenda kungoja pale. Harufu ya tope ikipanda kutoka bondeni, wanawake wakitaniana kuhusu waume zao, mama akinisuka nywele nimekaa katikati ya magoti yake. Mara nyingine kuti liliondolewa kabla mama hajamaliza, nikarudi nyumbani na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Sikuona haya. Nilijua siku ya kuti nyingine itakuja na atamalizia.

Siku moja mama alijaribu kuvuka. Mdogo wangu alikuwa na homa. "Wifi, nichote ndoo moja tu, mtoto anachemka."

Shangazi alikuwa na tope mpaka mapajani. "Ukivuka wewe na mwenzio atavuka, na mimi nitafukua lini? Kachukue mtungini kwangu."

Mama akanuna, lakini akaenda kuchukua. Jioni walikula sahani moja kama kawaida yao.

Mama hayupo tena. Kisima nacho kimefukiwa, pamepandwa migomba. Leo nimewakumbuka mno, mama na kisima, hadi nikafuta macho kwa shati lililokuwa linasubiri jua.

Kisha nikaweka kuti. Sasa mwandishi akifika, wasomaji waliomo ndani wanamaliza, wapya wanasimama mlangoni, anaingia, anaandika, anatoka, mlango unafunguliwa. Kungoja kwenyewe ni kufumba na kufumbua, hakuna atakayejua kwamba alingojeshwa. Nikaimiminia programu maswali kama ya kijiji kizima chenye kiu, nikatia badiliko moja katikati yake. Likapita.

Adhuhuri nikampigia Shangazi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza nyuzi na kufuli na wasomaji. Nikaishia kusema, "Shangazi, nilisahau kuweka kuti."

Nikasikia kile kicheko chake cha puani.

"Umerithi kwa mama yako," akasema. "Naye hakuweza kumwambia mtu ngoja."

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Watu hunilinganisha na mama kwa sura, kwa mwendo, kwa ubishi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yumo hata katika makosa yangu ya kazini, na sijui kwa nini jambo hilo limenifurahisha kuliko sifa zote.

Kesho ni zamu yao, ratiba inasema hivyo na nimeikagua mara nyingi kuliko inavyohitaji. Lakini Shangazi hakuniambia kama atakwenda bombani, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Namjua, atakwenda. Nimeomba ruhusa ya asubuhi kazini. Nitafika Kisarawe mapema na ndoo zangu mbili, nisimame kwenye mstari kama watu wengine.

Maji yasipotoka, angalau safari hii hatasimama peke yake.