Moyo wa Kulungu wa Kwanza

Hayward, Wisconsin
5 Oktoba

Binti yangu Marlys,

Huku kwema. Goti linalalamika, mdomo mzima. Mjukuu wangu anarusha mateke?

Barua yako imeniuma. Eti mwaka huu huli kulungu wangu, kwa sababu kliniki wamekwambia chembe za madini ya risasi hubaki nyamani na zinamdhuru mtoto tumboni. Kulungu wangu mimi, niliyekula nyoka jeshini kule Panama nikaomba niongezwe!

Lakini kila msimu wa kuwinda, moyo wa kulungu wa kwanza tunaukaanga pamoja tangu ukiwa huna meno. Siuli peke yangu. Nimenunua vichwa vya risasi vya shaba tupu, visivyo na madini hayo. Risasi zangu najijazia baruti mwenyewe gerejini tangu ujana. Shaba ndiyo initoe jasho?

Ni mimi baba yako,
Orvin

Milwaukee
14 Oktoba

Shikamoo Baba,

Mgongo unauma, ila mtoto hajambo, anacheza mpira. Usininunie. Walinionyesha picha ya eksirei ya nyama: vidoa vyeupe vya madini vimetapakaa, hata mbali na tundu la risasi. Niliogopa.

Hiyo shaba ikoje? Haipasuki vipande? Na baruti umepima upya, au ndiyo kipimo chako kile kile cha siku zote?

Binti yako,
Marlys

Hayward
2 Novemba

Marlys wangu,

Sijambo, vidole vyote ninavyo. Nimechelewa kuandika kwa aibu. Swali lako lilifika nimeshafyatua.

Nilisema, uzito wa kichwa ni ule ule, basi baruti ile ile. Bunduki ikanipiga teke la punda, komeo lake la kutolea ganda likagoma kufunguka. Nikaligonga kwa nyundo ya mbao, na jirani Dutch kasimama anacheka: "Orvin, hiyo ni bunduki au mlango wa choo?"

Ndipo nikasimamisha vichwa viwili mezani, cha zamani na cha shaba. Cha shaba kirefu! Shaba ni nyepesi, kwa hiyo uzito ule ule unataka mwili mrefu zaidi. Na ule urefu ulikuwa umezama ndani ya ganda la risasi, ukaibana baruti, ikalipuka kwa nguvu kupita kiasi. Miaka yote hii sikuwahi kujiuliza!

Nikafungua kitabu cha vipimo (ndiyo, mimi), nikaanza na kipimo cha chini, nikapanda kidogo kidogo. Sasa matundu yangu matatu kwenye shabaha nayafunika kwa kizibo kimoja cha bia.

Baba yako

Hayward
25 Novemba

Mwanangu,

U mzima? Mimi nimenenepa kwa kiburi. Dume la kulungu limeanguka pale pale karibu na kijito. Kichwa cha shaba nimekikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, kimechanua kama ua, hakuna jani lililokatika.

Nikajua utasema, "Baba na maneno yake." Nikaibeba nyama kwa daktari wa ng'ombe, nikamsihi aipige picha kwa mashine yake ya eksirei. Alinitazama kama kichaa, akapiga. Picha hiyo imo humu kwenye bahasha. Usiniamini mimi, iamini hiyo.

Moyo uko kwenye barafu. Dutch anauulizia kila asubuhi. Jibu upesi.

Baba yako

Milwaukee
30 Novemba

Baba,

Shikamoo. Tu wazima, wote wawili.

Picha nimeikagua dirishani, nikaipeleka hadi kliniki. Hakuna kidoa hata kimoja. Nimeibandika kwenye friji, kando ya ile ya mtoto tumboni. Wageni wanakaza macho kwenye hayo mawingu mawili ya kijivu, kisha wananiuliza: "Mtoto ni yupi?"

Mwambie Dutch atafute wa kwake. Njoo Jumamosi. Vitunguu nimeshanunua. Na hilo ua la shaba lije mfukoni mwako; nataka kulishika.

Binti yako,
Marlys