Sahani Haina Ini: Kikao cha Vidonge Vikubwa

CHAMA CHA AKINA MAMA WA DAWA ZA MIZIZI, BAN MAE TIN, LAMPANG

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 9 NOVEMBA 2567 (KALENDA YA KIBUDHA), UKUMBI WA HEKALU

WALIOHUDHURIA
Bi. Khamnoi – Mwenyekiti
Bi. Fongnuan – Mweka Hazina
Bi. Saengda – Katibu
Wajumbe tisa

MWALIKWA
Bi. Nuanphan – Mfamasia wa zahanati

ASIYEHUDHURIA
Bi. Tip (binti yake amejifungua, udhuru ulikubaliwa)

ASIYE MJUMBE ILA ALIKUWEPO
Bw. Inkeo, mume wa Mwenyekiti. Alikaa ngazini amevaa koti lililofungwa vifungo vyote, na jua lile. Alisema anamsubiri mkewe amrudishe kwa pikipiki.

KUMB. NA. 1/11/2567: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana na kusema ana haraka. Mweka Hazina alisema yeye hana.

KUMB. NA. 2/11/2567: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Katibu aliwakumbusha wajumbe kwamba mwezi wa nane chama kilipeleka maabara unga wa kiazi cha kwaokrua kutoka milima miwili, ule wa Mwenyekiti na ule wa Mweka Hazina. Kiazi hiki ndicho chenye estrojeni ya mmea, inayowapoza mama zetu waliokoma hedhi na kuamka wameloa jasho. Majibu yalisema unga wa Mweka Hazina una nguvu na wa Mwenyekiti ni dhaifu.

Mweka Hazina aliomba kipengele hicho kisomwe tena, kwa kuwa hakusikia vizuri. Kilisomwa. Aliomba tena. Mwenyekiti alisema imetosha.

Katibu aliendelea kusoma kwamba, kutokana na majibu hayo, Mwenyekiti aliamua vidonge vya mlima wake viongezwe ukubwa, kutoka punje ya pilipili manga, kama walivyoviringisha bibi zetu, hadi kokwa ya ukwaju. Vimeshafungwa kwenye maboksi kwa ajili ya kuuzwa sikukuu ya taa, Ijumaa ijayo.

KUMB. NA. 3/11/2567: MAELEZO YA MFAMASIA
Mfamasia alieleza kwamba aliyasoma majibu ya maabara akaona jambo moja halikuulizwa. Unga ule ulimiminwa kwenye sahani yenye chembe hai, nguvu yake ikapimwa hapohapo. Lakini mama anayemeza kidonge si sahani. Kidonge kinapita tumboni na kwenye utumbo, kisha kinafika kwenye ini, na ini haliachi kitu kama lilivyokikuta. Baadhi ya estrojeni za mimea huingia mwilini zimelala, zimefungwa na sukari ya mmea wenyewe. Utumbo na ini ndivyo vinavyozifungua na kuzigeuza. Nyingine huingia zikiwa macho, na ini likazilaza. Kwa hiyo mtu hawezi kujua nguvu ya mzizi kwa kuangalia mzizi peke yake.

Aliwaomba maabara warudie kipimo, safari hii wakichanganya unga na maji ya ini la panya. Unga wa mlima wa Mwenyekiti ulipanda sana. Wa Mweka Hazina ulipanda kidogo tu. Sasa nguvu ya milima yote miwili iko karibu sawa.

Mwenyekiti alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane. Alitaka iandikwe kwamba mlima wake haukuwahi kuwa dhaifu. Imeandikwa.

Mjumbe mmoja aliuliza kama basi chama kiweke ini ndani ya kidonge. Mwingine aliuliza kama mtu akila laabu, ile nyama iliyokatwakatwa na kutiwa viungo, yenye ini bichi kabla ya kumeza, nguvu inaongezeka. Mfamasia alijibu kwamba ini linalofanya kazi ni la mlaji mwenyewe, si la nguruwe, na kwamba ini bichi lina minyoo. Ukumbi ulinung'unika kidogo, kwani laabu ilikuwa imeshaandaliwa kwa baada ya kikao.

Mfamasia aliendelea: "Mama Khamnoi, usifurahi bado. Kama mzizi wako haukuwa dhaifu, basi hivyo vidonge vya kokwa ya ukwaju ni dozi ya kupitiliza. Na mwili wa mwenye ini lililochoka hauitoi dawa haraka. Inabaki humo humo inazunguka."

Tabasamu la Mwenyekiti liliondoka.

KUMB. NA. 4/11/2567: TAARIFA YA KUONJA
Mweka Hazina alisema kwamba kwa desturi ya chama dawa mpya haitoki kabla haijaonjwa nyumbani kwa aliyeitengeneza. Aliomba taarifa ya kuonja. Mwenyekiti alisema ilionjwa na haikuwa chungu. Mweka Hazina aliuliza ilionjwa na nani. Mwenyekiti alisema twende kipengele kinachofuata. Katibu alisema hakipo.

Bw. Inkeo aliomba kusema kutoka ngazini. Mweka Hazina alipinga kwa kuwa si mjumbe. Kura zilipigwa na akaruhusiwa, Mweka Hazina naye akanyoosha mkono kukubali.

Bw. Inkeo alieleza kwamba mkewe tayari alikuwa akimeza vidonge vidogo, akaogopa matokeo yangechanganyika. Kwa kuwa maabara walisema unga ni dhaifu, waliona haungemfanya mwanamume chochote. Yeye akajitolea, maana hakupenda kumwona mkewe akichekwa sokoni. Alimeza kila jioni, pamoja na pombe yake ya mchele.

Kisha akafungua koti, na shati, mbele ya ukumbi.

Katibu ataandika tu kwamba kifua cha Bw. Inkeo kimevimba pande zote mbili. Mjumbe mmoja alicheka, akanyamaza alipoona hakuna anayemfuata.

Bw. Inkeo alisema: "Ijumaa mimi ndiye mpiga ngoma kubwa hapa hekaluni. Ngoma ile hupigwa kifua wazi tangu enzi za babu yangu. Nimewaza kusema naumwa mgongo. Lakini maboksi yakitoka, kuna mama atavimeza na ini lake hakuna anayelijua."

Mfamasia alimtaka asitishe vidonge na pombe siku hiyohiyo na afike zahanati Jumatatu. Alisema mara nyingi uvimbe wa namna hiyo hupungua dawa ikiachwa, ila hawezi kumwahidi kwamba Ijumaa utakuwa umekwisha.

MAAZIMIO
Maboksi yote yafunguliwe na vidonge viviringishwe upya kwa kipimo cha pilipili manga. Mwenye maradhi ya ini, matiti au kizazi asiuziwe bila idhini ya daktari. Mweka Hazina alijitolea kuja kusaidia kuviringisha nyumbani kwa Mwenyekiti. Hakuombwa.

Mwenyekiti aliomba kipengele cha nne kifutwe. Bw. Inkeo alisema kibaki. Mwenyekiti alimgeukia mumewe, akamwambia yeye, si kikao: "Basi kibaki. Na Ijumaa vua shati upige. Nitasimama kando ya ngoma mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kucheka aanze na mimi, mimi ndiye niliyekupa."

Bw. Inkeo alianza kufunga vifungo vya shati, akakosea matundu, na Mwenyekiti akashuka ngazini akamfungia.

KUFUNGA
Kwa kuwa Mwenyekiti hakurudi kwenye kiti, Katibu alikifunga kikao saa kumi na robo. Laabu ilikaangwa kwanza.

Saini ya Mwenyekiti: Khamnoi
Saini ya Katibu: Saengda