Mtani Wangu na Picha ya Moyo Wake

Dakawa, Jumapili mchana

Dada Kalunde,

Shikamoo. Goti lako limepoa, au bado unalifunga kitambaa na kusema linakuambia mvua inakuja? Na mahindi je, mmevuna chochote? Mimi ni mzima wa mwili, nakula, natembea, kazini naenda. Naanza na hilo usije ukaisoma barua yote mkono ukiwa kichwani.

Uliponipigia mara ya mwisho nilisema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima, dada. Nilishikwa na kilio, nikaona aibu, mwanaume mzima na ndevu zangu. Ndiyo maana nimeona niandike. Barua anakuja nayo mwenzetu Hamisi, yule wa Urambo, anakuja kumwona mama yake.

Unamkumbuka Kosmas? Yule Mluguru niliyekuwa nakusimulia kila mara, mwenzangu hapa kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Miaka sita tunabeba magunia pamoja na chumba tumepanga pamoja. Na kwa kuwa sisi Wanyamwezi na wao ni watani, hatujawahi kuongea kistaarabu. Akiniona asubuhi, "Mpagazi, babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe unabeba pumba!" Na mimi, "Nyamaza, nyie mnalima mmejifunga kamba msidondoke kutoka shambani." Mama yake akishuka kutoka milimani kumtembelea, ananitukana kwanza ndipo ananipa ndizi. Utani unaujua ulivyo. Ukikasirika, kosa ni lako.

Basi, mavuno yalipoanza, mafua makali yakapita hapa. Sote tulikohoa, ila yeye yalimlaza, homa siku tatu. Siku ya nne akarudi kazini maana malori yalikuwa kwenye foleni. Gunia la pili tu, akaegemea nguzo, akaniambia taratibu, "Rama, moyo unanienda mbio. Pumzi haifiki."

Sasa sikia jibu langu, dada. Nilipaza sauti wote wasikie: "Jamani, njooni muone maajabu! Mluguru kaishiwa pumzi kwenye tambarare! Kwao mtoto anapanda mlima kabla hajaota meno. Sema umezeeka, tukutafutie mkongojo." Makuli wakavunjika mbavu. Mwenyewe naye akacheka. Akainama, akabeba.

Angekuwa ni mtu mwingine kasema vile, Kosmas angemjibu kuwa anaumwa kweli. Lakini mtani hajibiwi hivyo. Ukimwambia mtani unaumwa, umempa la kusema mwezi mzima. Kwa hiyo akanyamaza, akabeba kwa wiki tatu.

Miguu ikaanza kumvimba kwenye vifundo. Nikamuuliza miguu ya tembo kaiazima wapi. Ikawa hawezi kulala chali, analala ameketi, mgongo ukutani. Nikamwambia hongera, amepata kazi ya ulinzi. Kila dalili aliyoonyesha nilikuwa na neno lake. Mzaha mzaha hutumbua usaha, mama alituimbia hilo mpaka tukachoka, na mimi sikulisikia.

Siku aliyoanguka alikuwa kwenye ubao wa kupandia lori, gunia mgongoni. Gunia likaenda kushoto, yeye kulia. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilidhani anatuigizia. Nikasimama juu yake, mikono kiunoni, nikamwambia, "Amka wewe, msiba wako hatujauchangia." Wengine nao wakacheka kwa sababu mimi nimecheka. Mpaka nilipoona midomo yake imekuwa rangi ya majivu. Sijui ilipita dakika moja au mbili. Dakika hizo, dada, zinanitafuna.

Tulimkimbiza hospitali mjini Morogoro. Daktari, mama mmoja mpole, akampaka mafuta mazito ya baridi kifuani, akapitisha kifaa kidogo juu yake, na moyo wa Kosmas ukatokea kwenye kioo. Mimi nilikuwa sijawahi kuona moyo ukidunda. Nilidhani mioyo yote iko vile. Daktari akaninyooshea kidole: "Ukuta huu unatakiwa ubane, usukume damu. Huu unatikisika tu." Akasema virusi vya mafua wakati mwingine vinaingia mpaka kwenye misuli ya moyo, moyo unavimba, na moyo uliovimba unataka kupumzishwa.

Akauliza dalili zilianza lini. Kosmas, hata sauti hana, akasema, "Leo hii, nilipoanguka." Alikuwa ananificha mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Anadanganya, daktari. Ni wiki tatu. Aliniambia mimi, nikamcheka." Akaandika. Nikamuuliza, angepumzika zile wiki tatu ingekuwaje? Akanitazama, akasema, "Siwezi kukuambia kwa hakika. Pengine angepata nafuu." Hilo "pengine" ninalala nalo, naamka nalo.

Akasema anataka picha inayoona ndani zaidi, ya MRI, tukapelekwa Dar. Pale Mikese gari liliposimama nilimnunulia mahindi ya kuchoma, akayashika mpaka yakapoa. Mashine yenyewe ni tundu refu, mtu anaingizwa amelala, na inagonga kama fundi bati. Kwa vile aliogopa, waliniruhusu kukaa chumba cha pembeni, nyuma ya kioo. Mtaalamu anamwambia kwenye kipaza sauti, "Vuta pumzi. Toa. Bana hapo hapo, usipumue." Picha zinataka mtu atulie. Kosmas anabana, anashindwa, wanaanza upya. Nikajikuta na mimi nimebana pumzi huku nyuma, kama vile ingemsaidia.

Walimdunga dawa kwenye mshipa, picha zikatoka, nikaona sehemu za moyo zinang'aa, nyeupe kabisa. Nikasema alhamdulillahi, kumbe pazima ni pengi. Daktari wa huko akatikisa kichwa. Palipong'aa ndipo palipoumia. Uvimbe unaweza kuondoka, akasema, ila pale penye kovu msuli haurudi. Dawa kila siku, chumvi kidogo, asibebe kitu kizito, hata ndoo ya maji. Baada ya miezi sita apigwe picha nyingine, ndipo ijulikane kama moyo umejirudi au unaendelea kutanuka. Na moyo wa namna hiyo, akaniambia pembeni, unaweza kusimama bila taarifa.

Tumerudi Dakawa. Mama yake ameshuka, amehamia chumbani kwetu, mimi nalala kwa Hamisi. Na tangu Dar, dada, nikawa mtu mwingine. Naingia kwa unyenyekevu, "Umeamkaje ndugu yangu, nikuletee uji?" Namnawisha, namfunika. Nilidhani nalipa dhambi zangu. Kosmas akawa ananitazama tu. Akaacha kula. Dawa anazimeza kwa kusukumwa.

Juzi mchana akaniuliza, "Daktari kakwambia nini?"

"Kasema utapona."

"Muongo mkubwa. Tangu tutoke Dar hujanitukana hata mara moja. Miaka sita hujawahi kuniita ndugu yangu, leo naitwa kama maiti inayosomewa wasifu. Umeambiwa nakufa, Rama." Akaanza kulia, machozi yanaingia masikioni. "Nitukane basi, mtani. Nitukane nijue bado nipo."

Nikatafuta neno la kumtukana. Neno la mwisho nililomtania ndilo lile la msiba, pale kwenye ubao. Nitaanzia wapi tena? Mama yake alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akaweka ungo chini, akasema, "We Mnyamwezi, kwa utani ulimuumiza hujui. Sasa unataka kunimalizia mwanangu kwa upole, na hilo unalijua."

Nikasema, "Kosmas, nyie Waluguru ni wabahili mpaka ndani. Mungu kakupa moyo, umeutumia nusu, nusu umemwekea mjomba." Utani wenyewe haukuwa na chumvi, dada. Lakini alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akashika kifua, akainua mkono: "Basi, basi, inatosha, pumzi." Mama yake akakimbia kumuinua. Jioni alikula ugali mkubwa.

Ndiyo maisha yetu sasa. Namtania mara moja kwa siku, asubuhi, akiwa ameketi vizuri, neno moja dogo. Kisha nanyamaza na kumwangalia kifua mpaka kitulie. Nisipomtania anakata tamaa, nikizidisha namkata pumzi. Kila asubuhi naogopa, dada.

Kwa hiyo harusi ya mpwa wangu Zawadi sitaiwahi. Mwombe radhi kwa niaba yangu. Sitaondoka hapa mpaka picha ya pili itoke. Mjomba Selemani mpe shikamoo yangu. Shemeji, mumeo, msalimie, mwambie asikuache uchote maji na goti hilo. Bibi Nyamizi mwambie kwenye dua zake amtaje Kosmas, ni Mkristo lakini Mungu anamjua.

Kosmas mwenyewe ameniona naandika, akauliza kwa nani. Nimemwambia. Anasema niweke maneno yake bila kupunguza: "Mwambie dada yako, nikifa aje, lakini machozi ayaache Tabora. Watani hawalii msibani, wanachimba kaburi na kuchekesha watu. Na wewe Rama ndiye utakayeanza."

Nimemwahidi sitalia. Nimemdanganya, dada.

Mdogo wako,
Ramadhani