109 ya Baba na 110 Yangu

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, na mimi nimechoka kubishana na baba.

Ubishi wetu ni wa magari. Baba ana Landrova 109 ya miaka ya sitini, aliyoinunua ikiwa chakavu kabla sijazaliwa. Mimi nina Defender 110 ya miaka ya tisini. Zote za Mwingereza, na ukiziona kwa mbali utasema ni mtu na mwanawe.

Sasa zipande. Usukani wa 109 ni mgumu na una plei. Unauzungusha kidogo, gari wala halina habari. Gia za chini unakanyaga klachi mara mbili, la sivyo zinakwaruza. 110 ina pawa stelingi, na mashimo ya barabara ya Sitalike unayasikia kwa mbali. Ila 109 ikigoma, baba anaiwasha kwa hendeli, anaizungusha kwa mkono pale mbele. Yangu ikigoma natafuta fundi mjini, mtaa wa Kashaulili. Hapo ananishinda, na anajua.

Tatizo ni macho yake. Yamepungua, na bado anajiendesha kutoka Kakese hadi mjini. Naogopa ataua mtu, au atajiua.

Leo nikaona nimpe 110 aijaribu. Usukani wake ni mwepesi na breki zake ni nzuri, labda ingemfaa.

Hatukufika mbali. Mikono yake imezoea kuuchezesha usukani kushoto kulia, na 110 inatii kila unachoiambia, basi tukawa tunaenda kama nyoka. Tulicheka wote wawili. Halafu nikapiga kelele ashike breki. Akashika. Mbele yetu alikuwa mtu na baiskeli ya mkaa, akasonya, akapita.

Baba akaniuliza, "Baiskeli ipi, mama?"

Akazima gari mwenyewe.

Nilimrudisha Kakese. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa 109 na kuniwekea mkononi. "Twende ujifunze na hii. Mimi basi." Nilikuwa nalitaka neno hilo muda mrefu, na nilipolipata liliniuma.

Mvua ikatukuta barabarani. Baba alikaa kushoto, kiti cha marehemu mama, ambacho alikuwa hajawahi kukikalia. Chini ya kioo cha mbele kuna kidirisha cha hewa, mpira wake ulikwisha zamani, na maji yanamwagikia abiria magotini. Kwa dereva ni pakavu kabisa.

Akaziba kwa kiganja. Maji yakapita kwenye vidole.

"Mama yako alikuwa analowa hivi?"

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana alikuwa anapanda na kanga ya ziada."

"Mbona hakusema?"

Nikajifanya naangalia matope.

Kesho ni kanisani. Nimemwambia nitampitia na 110, ina viti vikavu. Amekataa. Amesema tutaenda na 109, mvua ikinyesha inyeshe, na yeye atakaa palepale.