Salamu Tatu Getini

Tukuyu, Ijumaa

Mwanangu Yusra,

Huku mvua imekazana, na mbuzi wa jirani yetu Hamis kazaa mapacha. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ningelia.

Unalalamika kwamba tangu uolewe na Nsajigwa sijakanyaga kwako. Nilikuja, mwezi uliopita. Mbeya imekua, mwanangu! Pale Uyole nilipokuwa nikinunua viazi shambani sasa ni maghorofa, na malori ya Tunduma yamefuatana kama siafu. Bodaboda alinizungusha mpaka tukaliona geti lenu la bluu. Nikatoa salamu mara tatu, kama dini ilivyotufundisha, malori yakaimeza sauti yangu. Mgeni asipojibiwa mara tatu hurudi, nami nikarudi. Ule mkungu wa ndizi mlioukuta getini ulikuwa wangu.

Kengele niliiona. Nilijiambia mama habonyezi kengele kwa mwanawe. Kumbe kilikuwa kiburi tu, kilekile kilichonizuia kuja bomani siku ya ndoa yenu.

Jumapili nakuja tena. Mwambie mkwe wangu aache geti wazi.

Mama yako anayekuwaza,
Mwantum