Mwanaesha Atoa Ushahidi

Jumatatu, 14 Julai
Mafaili tena. Wizi wa mbuzi Kililana. Ugomvi wa mpaka. Kisha la Mwanaesha wa Mbwajumali, kisiwani Pate, aliyevunjwa taya na mumewe. Kesi Alhamisi. Tangu niletwe Lamu kuendesha mashtaka, kila mke aliyepigwa amejiondoa kabla ya kusikizwa. Huyu bado yupo. Sitaki kujipa moyo mapema. Nimeshajipa.

Jumanne, 15 Julai
Shemeji zake wamevuka kutoka Pate mpaka Wiyoni, hapa Lamu, anakokaa kwa shangazi yake, Bi Zena. Wanataka yaishe nyumbani. Bi Zena amewafungia mlango, akanipigia simu. Nimekwenda mbio. Nilidhani nitamkuta analia. Alikuwa ananyonyesha, macho makavu.

"Tasema," akaniambia kwa Kiamu chake. "Lakini nisimuone uso."

Basi, hilo tu: atasema, ila asimwone mumewe. Hakuna aliyewahi kumuuliza anahitaji nini.

Jumatano, 16 Julai
Hakimu amekubali Mwanaesha atoe ushahidi nyuma ya pazia. Amewaonya shemeji wasimkaribie. Pazia lenyewe mahakama haina! Sajini Achieng wa polisi ameazima la wodi ya hospitali, lile la magurudumu. Tumelisukuma wawili vichochoroni, punda wakitushangaa. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Alhamisi, 17 Julai
Amesema! Yote. Sauti ndogo, lakini haikukatika. Mtoto alipolia, hakimu akasimamisha kesi, mahakama nzima ikangoja anyonye. Kisha wakili wa mume akauliza, "Kama alikuwa akikupiga miaka yote hiyo, mbona hukuondoka?"

"Nalikitafuta ndia," akajibu Mwanaesha. Njia ya kutoka.

Wakili akaketi. Nikaliandika jibu lake, nikalipigia mstari.

Ijumaa, 1 Agosti
Hatia! Mume amepelekwa jela. Sajini amenikumbatia koridoni mpaka kofia ikamwanguka. Nilitaka kupiga vigelegele. Mwanaesha hakushangilia. Aliuliza tu kama nguo za mtoto zilizobaki Mbwajumali zinaweza kuletwa. Sajini amesema atazifuata mwenyewe kesho.

Jumapili, 3 Agosti
Baada ya kanisa nimepita Wiyoni. Bi Zena amenipokea mlangoni, kidole mdomoni. Adhuhuri imeshaadhiniwa na Mwanaesha bado amelala. Hajawahi kulala hivi tangu aje, amesema. Tumekaa barazani, tumempakata mtoto kwa zamu, tukiongea chini chini. Hatukumwamsha.